Picha ya Mama na Taa Nyekundu

Kila asubuhi, kabla hajavaa sare ya shule, Hellen alifagia vumbi la mbao mbele ya karakana ya baba yake. Vumbi hilo halikuwa na mwisho. Baba yake, Luhende, alikuwa seremala, na nyumba yao pale Buswelu, jijini Mwanza, ilinukia mninga kuanzia sebuleni hadi kwenye sufuria ya maharage. Akishafagia, Hellen alichemsha chai, akampelekea baba kikombe chake, kisha akaenda kwenye kalenda iliyoning'inia nyuma ya mlango na kukata siku moja kwa kalamu nyekundu.

"Bado ngapi?" baba aliuliza kila siku, kana kwamba yeye mwenyewe hajui kuhesabu.

"Bado tisa, Baba."

Kesho yake zikawa nane, na keshokutwa saba.

Walikuwa wakihesabu siku za kwenda kumwona mama. Mama yake Hellen, Getruda, alikuwa muuguzi. Mwezi wa kwanza alihamishiwa zahanati moja ng'ambo ya ziwa, wilayani Sengerema, mwendo wa saa nzima kwa gari ukishashuka kivukoni Kamanga. Jioni alipiga simu, lakini mtandao wa kule ulikuwa na tabia ya kukatika pale tu mtu anapotaka kusema jambo la maana. Hellen aliikumbuka sauti ya mama. Aliikumbuka harufu ya sabuni ya mikono yake. Alikumbuka hata makofi mawili ya mgongoni aliyokuwa akipigwa kila alipojifanya hasikii anapoitwa. Alikuwa darasa la sita, miaka kumi na miwili, na aliona aibu kusema kwamba anamlilia mama. Basi alikata siku kwenye kalenda na kunyamaza.

Mama alikuwa na Jumamosi moja tu ya mapumziko kwa mwezi, ile ya mwisho, na hata hiyo ilikwisha saa kumi, zamu ya jioni ilipoanza. Mwezi wa pili alikuja nyumbani. Mwezi wa tatu ilikuwa zamu yao kwenda kwake, lakini siku ya safari ilipofika, taa ndogo nyekundu yenye umbo la betri iliwaka kwenye dashibodi ya gari. Baba akasema betri imekufa. Akashinda mjini akitafuta betri mpya, akaja nayo na kuifunga mwenyewe, na alipomaliza jua lilikuwa limekwisha kwenda zake. Hellen alivua gauni lake la safari bila kutoka hata nje ya geti. Tangu siku hiyo aliichukia taa ile kama mtu anavyomchukia jirani mchongezi.

Safari hii baba alikuwa na jambo lingine moyoni. Kule ng'ambo mama alilala kwenye godoro lililotandikwa sakafuni, maana chumba alichopewa kilikuwa kitupu. Seremala mzima, mke wake analala chini! Kwa wiki tatu baba alichonga kitanda cha mninga, akakipiga msasa na vanishi hadi kikawaka. Kilikuwa cha kufungua na kufunga, ili mbao zake zikae juu ya gari.

Gari lenyewe lilikuwa na umri mkubwa kuliko Hellen, na lilikuwa na malalamiko mengi kuliko yeye. Mlango wa nyuma ulilia, kiti cha mbele kililia, na siku hizi kila asubuhi ya mvua hata chini ya boneti palitoka mlio mwembamba kama wa filimbi. Baba alisema ni maji tu, yakikauka utanyamaza. Kweli ulinyamaza, na hakuna aliyeufikiria tena.

Alhamisi, siku mbili kabla ya safari, baba alimpitia Hellen shuleni akitoka kununua misumari. Manyunyu yalikuwa yakianguka. Njiani baba alisimama dukani kununua mkate, akaacha gari likinguruma. Hellen akatupa jicho kwenye dashibodi. Taa nyekundu ya betri ilikuwa inawaka.

Alikumbuka mwezi wa tatu. Alijua kitakachofuata: baba ataiona, atasema "mama, safari hii tena haiwezekani," na kitanda kitabaki karakanani. Ataongezewa wiki tano za kukata kalenda. Hellen aliona machozi yanamlenga, na hapohapo akaona hasira.

Ndani ya jalada la daftari lake la Kiswahili kulikuwa na picha ndogo ya mama, ya pasipoti, iliyobaki siku mama alipojaza fomu za uhamisho. Hellen hakufikiri sana. Aliitoa, akakata selotepu aliyofungia madaftari, akaibandika picha kwenye kona ya kushoto ya kioo cha dashibodi, juu kabisa ya ile taa. Wekundu ukapotea. Mama akabaki anatabasamu kidogo, kama watu wanavyotabasamu wakiwa wameambiwa na mpiga picha wasitabasamu.

Baba aliingia na mkate. Akaiona picha. Alikaa na mkate mapajani akiiangalia, na Hellen akahisi masikio yanamchemka.

"Umefanya vizuri, mama," baba alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Sasa tunatembea naye kila tuendapo."

Hellen aligeukia dirishani. Angetamani baba amgombeze.

Siku ya Ijumaa, wakati wa mapumziko, alimweleza Zahabia, rafiki yake wa dawati moja. Familia ya Zahabia ilikuwa imejenga Buswelu mwaka uliopita tu, lakini shangazi yake, Shamsha, alikuwa na karakana ya umeme wa magari kule Mkuyuni. Kwa sababu hiyo Zahabia alijiona naye ni nusu fundi.

"Kwa hiyo umeiziba taa," Zahabia alisema, mdomo umejaa karanga.

"Sijaiziba. Nimebandika picha ya mama."

"Juu ya taa."

"Karibu na taa."

"Hellen!"

"Nitamwambia baba Jumapili. Tukisharudi. Gari linatembea vizuri tu, Zahabia. Kama betri imekufa, mbona linawaka?"

Zahabia alimeza karanga zake. "Shangazi anasema taa nyekundu haikuwekwa pale kuwa pambo. Anasema ni gari linasema naomba msaada, ila halina mdomo."

"Shangazi yako mama yake yuko wapi?" Hellen aliuliza.

"Bibi? Yuko nyumbani. Ghorofani kwake."

"Basi nyamaza," Hellen alisema, akaondoka. Hakuwahi kumsemesha Zahabia namna ile, na mchana kutwa hakufurahi.

Jumamosi iliamka na mvua. Baba aliufunga mzigo juu ya gari kwa kamba na turubai: vichwa viwili vya kitanda, mbavu, na chaga zake. Kwenye kiti cha nyuma waliweka mchele, mafuta ya alizeti na jiko la gesi. Gari lilipowashwa, ule mlio wa filimbi ulitoka chini ya boneti kwa nguvu kuliko siku zote.

"Maji tu," baba alisema, akafungua waipa na taa za mbele.

Njia nzima Hellen hakuona mawe ya Mwanza wala watu waliokimbilia vibarazani. Kila baba alipogeuka kuangalia upande wa pili, yeye aliinua ukingo wa picha kwa kidole na kuchungulia. Taa iliwaka gari lilipokwenda polepole. Lilipoenda kasi, ilififia. Baba alipopunguza mwendo kwenye mzunguko, waipa zikihangaika na mvua, ilirudi, nyekundu kabisa. Hellen aliachia picha ikarudi mahali pake. Nusu saa tu, alijiambia. Tukishaingia kwenye kivuko, basi.

Kivukoni walikuta foleni. Gari lao lilikuwa la tisa. Baba alizima injini, akamnunulia Hellen mahindi ya kuchemsha, na wakakaa wakisikiliza mvua ikipungua. Ziwa lilikuwa la kijivu, na ng'ambo yake vilima vya Sengerema vilionekana na kupotea. Baba alizungumza zaidi ya kawaida yake. Alieleza jinsi atakavyokifunga kitanda, dakika ishirini tu, na jinsi mama atakavyosema ni kikubwa mno kwa chumba kile. Hellen aliona kwamba baba naye alikuwa akikata kalenda, ila yake haikuning'inia mlangoni.

Honi ya kivuko ililia. Magari ya mbele yakaanza kusogea. Baba akageuza funguo.

Tik. Tik-tik-tik.

Akajaribu tena. Tik.

Nyuma yao kulikuwa na gari la mizigo lililobeba matenga ya nyanya. Dereva wake, mtu mnene mchangamfu aliyeitwa Ngosha, akashuka, akasalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mzee! Limegoma?"

"Mwangaluka. Limegoma, ndugu yangu, na betri ni mpya!"

"Ngoja tulishtue."

Ngosha alileta nyaya zake, akaunganisha betri ya gari lake na ya kwao. Injini ikaamka. Baba akacheka, Hellen akapumua. Lakini nyaya zilipoondolewa na waipa zikaanza kufanya kazi, gari lilikohoa mara mbili, likazimika. Hilo halikuwa gari la kusukuma likawaka, maana lilikuwa la gia otomatiki. Ngosha na watu wengine watatu walilisukuma pembeni ili wengine wapite. Magari yakaingia kivukoni moja baada ya jingine, na la nyanya nalo likaingia, Ngosha akiwapungia mkono kwa masikitiko.

Baba alitoa simu. Hellen hakuwahi kumwona amekasirika vile.

"Betri haijamaliza hata mwezi! Yule bwana amenipiga. Ameniuzia mzoga!" Alimpigia muuza betri, simu haikupokelewa, basi akamrekodia ujumbe wa sauti. Alimwita mwizi. Alimwambia Jumatatu atamfuata dukani kwake mbele ya wateja.

Hellen alisimama kando ya gari na hindi lake lililopoa. Kila neno baba alilomrekodia yule mtu, alihisi lingepaswa kuelekezwa kwake.

"Baba," alisema. Angeweza kusema yote. Lakini kivuko bado kilikuwa kikionekana, na alichosema kilikuwa nusu tu. "Shangazi yake Zahabia ni fundi wa umeme wa magari. Yuko Mkuyuni, si mbali."

Baba akampigia baba yake Zahabia, akapewa namba, akamwita fundi. Kisha akampigia mama. Kwa mara ya kwanza mtandao haukukatika.

"Tumekwama kidogo, Mama Hellen. Tutavuka tu."

"Msihangaike," Hellen alisikia sauti ndogo ya mama ndani ya simu. "Nimeshakaanga sato. Ila zamu yangu inaanza saa kumi, mnajua. Hellen yupo? Mwambie nimemsukia mkeka."

Kivuko kilikuwa kimefika katikati ya maji. Hellen alikitazama hadi macho yakamuuma.

Fundi Shamsha alifika kwa bodaboda, amekumbatia sanduku la spana na betri ndogo ya kushtulia magari. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani, ovaroli ya bluu juu ya gauni, na mtandio uliofungwa vizuri usiguse mashine.

"Shikamoo, shangazi," Hellen alisema.

"Marahaba. Wewe ndiye Hellen? Zahabia kanitajia. Baba Hellen, pole na kukwama."

"Asante, fundi. Betri hii, nakwambia, ni mbovu tangu dukani."

"Tutaiuliza yenyewe," alisema Shamsha. Alikagua vichwa vya nyaya kwenye betri, akavitikisa. Vilikuwa vimekaza na visafi. Akaweka mita. "Volti kumi na moja na kitu. Imekwisha chaji. Lakini kuisha si kuwa mbovu, Baba Hellen. Ndoo ikiwa tupu si lazima itoboke, huenda bomba halitoi maji. Je, taa nyekundu ya betri iliwaka lini?"

"Haikuwaka. Ningeiona. Mwezi uliopita iliwaka, nikabadilisha betri, ikazimika."

Shamsha aliketi kwenye kiti cha dereva, akageuza funguo hatua moja bila kuwasha injini. Taa ya oili ikawaka. Ya breki ikawaka. Fundi akasubiri, akakunja uso.

"Hapa ndipo penye kazi. Ukifungua swichi, taa zote lazima ziwake, ndiyo zinavyojitambulisha. Ya betri haijawaka. Basi imeungua, au waya wake umekatika ndani. Na gari la aina hii, taa hiyo ikifa, hata alteneta inaweza kukataa kuchaji. Itabidi nifungue dashibodi yote." Aliitazama picha kwenye kona, lakini hakuigusa. Picha ya mtu huigusi ovyo. "Ni kazi ya saa tatu, labda nne."

Baba aliangalia ziwa, kisha mbao za kitanda juu ya gari. Mabega yake yalishuka.

"Saa nne," alisema. "Basi tena. Nitampigia nimwambie asitungoje."

Hellen aliona kidole cha baba kikitafuta jina la mama kwenye simu. Akajua kwamba akinyamaza sasa, fundi atafungua dashibodi nzima kutafuta ugonjwa ambao haupo, muuza betri ataitwa mwizi mbele ya wateja wake, na mama atakula samaki peke yake, akae kwenye sakafu ile. Na akisema, baba atajua. Hellen aliogopa macho ya baba kuliko kitu chochote.

Aliingiza mkono dirishani, akaivuta picha. Selotepu ikatoa mlio mdogo. Chini yake, nyekundu na wazi, taa ya betri ilikuwa inawaka.

Fundi akaivua miwani.

"Haijaungua," Hellen alisema. "Mimi niliifunika. Iliwaka Alhamisi ulipokwenda kununua mkate, Baba. Nilijua ukiiona hatutaenda. Nilitaka kumwona mama. Nilitaka tu kumwona mama."

Akalia, picha mkononi. Baba aliitazama ile taa kwa muda mrefu, kisha akamtazama Hellen, na macho yake hayakuwa na hasira aliyoitegemea. Yalikuwa na huzuni, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Akatembea hadi ukingoni mwa maji, akasimama huko ameupa mgongo mji.

Fundi Shamsha alifuta miwani yake kwa mtandio.

"Kulia utalia baadaye," alisema, si kwa ukali. "Sasa nisaidie. Umeniondolea saa nne za kazi, hebu niondolee na nyingine. Taa hii ulikuwa unaichungulia?"

"Ndiyo, shangazi."

"Iliwaka muda wote?"

"Hapana." Hellen alijifuta kamasi kwa mkono. "Iliwaka tukienda polepole. Tukikimbia, ilififia. Baba akifungua waipa na taa za mbele, inarudi. Na kuna mlio, kama filimbi. Unalia sana siku ya mvua."

Uso wa Shamsha ukabadilika. Ulikuwa uso wa mtu aliyeletewa funguo alizokuwa akizitafuta.

"Wewe mtoto!" alisema, akaenda moja kwa moja mbele ya gari. "Baba Hellen! Njoo, dashibodi hatuifungui."

Baba alirudi. Shamsha aliingiza mkono kando ya injini, akaubonyeza kwa dole gumba mkanda mweusi wa mpira. Mkanda ukabonyea kama kamba ya kuanikia nguo. Upande wake wa ndani uling'aa kama umepakwa mafuta, na ulikuwa umepasukapasuka.

"Injini inauzungusha mkanda huu. Mkanda unaizungusha alteneta. Alteneta ndiyo inayochaji betri. Huu umelegea na umechakaa, ukipata maji unateleza, na ndiyo hiyo filimbi yenu. Gari limekuwa linakula akiba ya betri bila kurudisha. Mwezi uliopita ugonjwa ulikuwa huuhuu. Betri mpya iliuficha, na mvua ilipokatika mkanda ukashika kidogo."

"Lakini taa ni ya betri," baba alisema.

"Hilo jina ndilo linalotuponza wote. Imechorwa betri, tunaiita taa ya betri, basi tunakimbilia kununua betri. Mimi ningeiita taa ya chaji. Haisemi betri ni mbovu, inasema betri hailishwi." Aligonga kibomba kilichokuwa jirani. "Na mkanda huuhuu unazungusha pampu ya maji. Ungekatika kule Sengerema porini, injini ingechemka. Na kama usingeona mapema, ingekufa kabisa."

Baba alisoma namba iliyochapwa mgongoni mwa mkanda, Shamsha akapiga simu dukani kwa jirani yake Mkuyuni, na bodaboda ikaleta mkanda mpya. Fundi akalegeza bolti ya alteneta, akavua wa zamani, akavisha mpya. Kisha akaivuta alteneta nyuma kwa ubao ili mkanda ukaze, na baba, aliyezoea kukaza mbao, akamshikia huku yeye akifunga bolti. Hellen alishika spana na kuzitoa kila alipoambiwa. Shamsha akambonyezesha mkanda mpya kwa dole gumba. Ulibonyea kidogo tu, kisha ukakataa.

"Sasa washa, na usiondoe macho kwenye taa," Shamsha alimwambia baba, baada ya kuunganisha betri yake ndogo.

Taa zote zikawaka, na ya betri ikiwamo. Injini ikanguruma. Hellen hakupumua. Ya oili ikazimika, ya breki ikafuata baba alipoachia breki ya mkono, na ile ndogo yenye umbo la betri ikazimika nayo. Baba akafungua waipa na taa za mbele. Ikabaki imezimika. Filimbi haikusikika.

Shamsha akasoma mita. "Volti kumi na nne. Inakula sasa. Msizime injini hadi muwe ndani ya kivuko, na mkifika kule liacheni lingurume kidogo kabla ya kulizima." Akafunga sanduku lake, akamwinamia Hellen. "Zahabia hajakununia. Amesema nikwambie."

Kabla ya kuingia kwenye foleni, baba alipiga simu moja. "Ndugu yangu, samahani sana kwa ujumbe ule. Betri yako haina kosa. Kosa ni la kwangu, nilikuhukumu kabla ya kujua." Alisikiliza, akasema samahani tena, akakata. Hellen alitamani ardhi ipasuke.

Ndani ya kivuko walisimama kwenye ukingo, upepo ukiwapiga. Walipofika katikati ya ziwa, baba alimgeukia.

"Siku hizi mbili," alisema, "nikiwa peke yangu ndani ya gari, nilikuwa naisalimia picha ile. Nilikuwa namwambia, Getruda, kitanda chako kiko tayari. Sikujua kama amewekwa pale anifiche jambo."

"Nisamehe, Baba."

"Nimekusamehe. Lakini imeniuma, na ni vizuri ujue kwamba imeniuma." Akaweka mkono wake mzito, wenye harufu ya vanishi, juu ya kichwa cha Hellen. "Hata mimi ninamkumbuka, mama. Ungeniambia, tungetafuta fundi Alhamisi ileile. Leo tungevuka na kivuko cha kwanza."

Walifika zahanati saa nane na nusu. Mama alikuwa barabarani, amesimama kwenye matope na kanga yake, na Hellen alifungua mlango kabla gari halijasimama vizuri. Mama alinukia sabuni ileile. Hellen alimkumbatia. Kisha akapigwa makofi mawili ya mgongoni, yale anayoyajua, na ndipo akalia vizuri.

Baba alikifunga kitanda kwa dakika ishirini kama alivyoahidi. Mama akasema ni kikubwa mno kwa chumba kile, kisha akajilaza juu yake na kucheka peke yake. Walikula sato aliyepoa. Saa ya ukutani ilikuwa inakimbia, na Hellen aliona mama akianza kuitazama kwa kujificha. Saa moja na nusu tu, baada ya wiki nane. Kama wangevuka asubuhi, zingekuwa saa sita.

"Kuna jambo mmenificha," mama alisema, akivaa sare yake nyeupe. "Mmoja wenu hajamaliza samaki."

Hellen aliitoa picha mfukoni. Bado ilikuwa na selotepu kwenye pembe. Alieleza yote, tangu mkate hadi ujumbe wa muuza betri, na baba hakumsaidia hata kwa neno moja.

Mama aliichukua picha, akaigeuza, akaketi ukingoni mwa kitanda kipya na kumvuta Hellen karibu.

"Sikiliza, mwanangu. Hapa zahanati wanakuja watu wenye homa ambao wamemeza dawa za kuituliza tu. Joto linashuka, wanafurahi, wanarudi shambani. Ugonjwa uko palepale. Wakirudi kwangu wanabebwa. Homa haikuwa adui yao, ilikuwa inawaita." Akaipapasa ile picha. "Kunitamani si kosa. Mimi nami kila jioni nakutamani hadi chakula kinanishinda. Kosa ni kumfunga baba'ko macho kwa ajili ya hamu yako, tena kwa sura yangu. Siku ambayo safari haiwezekani, niambieni. Nitalia, lakini nitalia nikijua mko salama. Ukweli unaoniumiza niletee. Huo tutautafutia dawa pamoja."

"Ndiyo, Mama."

"Sasa leta hiyo selotepu."

Walitoka hadi kwenye gari. Mama mwenyewe akaibandika picha upande wa abiria, juu ya kisanduku cha makaratasi, mbali na taa na mishale yote.

"Hapa wewe utaniona mimi," alisema, "na baba'ko ataiona njia."

Baba akageuza funguo. Taa zikawaka zote, nyekundu na za njano, na Hellen akazitazama moja moja hadi ya mwisho ilipozimika.

"Zimezimika zote, Mama," alisema kupitia dirishani.

"Basi nendeni. Kivuko kisiwaache."

Hellen alikaa amegeuka nyuma, mkeka mpya magotini, hadi sare nyeupe ikawa nukta, kisha ikafichwa na migomba.

"Bado ngapi?" baba aliuliza.

Hellen alihesabu kwa vidole, akarudia kuhakikisha.

"Bado thelathini na tano, Baba. Ni nyingi."

"Ni nyingi kweli," baba alisema.